Mafuta ya mwarobaini yapimwe hapa hapa Dodoma

MAONI YETU

Mwarobaini umejaa Dodoma. Uko kwenye viwanja vya shule na zahanati, kwenye ofisi za vijiji, makanisani na misikitini. Jua la Oktoba likichoma, watu na mbuzi hugombania kivuli chake. Matunda yakiiva huanguka yenyewe, ndege wakala nyama yake, na mbegu zikabaki chini zikikanyagwa mpaka mfagizi azizoe na takataka azitie moto. Ndani ya mbegu hizo mna mafuta ambayo India imeyatumia na kuyauza kwa vizazi.

Msimamo wetu ni huu: mafuta ya mimea ya dawa ya Kanda ya Kati, yaani mwarobaini, mbuyu, mlonge na nyonyo, yapimwe kitaalamu, yapewe lebo ya kweli na yatafutiwe soko. Kazi hiyo ifanyike Dodoma, na ianze na mwarobaini. Mpaka itakapokamilika, mafuta ya mwarobaini yasinywewe na mtu yeyote, na mtoto asipewe hata tone.

Tuanze na yanayojulikana. Mwarobaini si mwenyeji wa kale hapa. Ulitoka Bara Hindi, ukaletwa Afrika Mashariki na wahamiaji, ukastahimili ukame wa nyanda zetu, na watu wakaupa jina la Kiswahili kwa kuamini kwamba unatibu maradhi arobaini. Jina linatuonyesha jinsi watu walivyouamini mti. Kuyahesabu maradhi hayo moja moja na kusema lipi linapona na lipi halisikii dawa ni kazi iliyobaki kwetu.

Baadhi ya kazi hiyo imeshafanyika kwingine. Kokwa ya mwarobaini iliyokobolewa na kukaushwa vizuri hutoa mafuta kati ya asilimia 30 na 50 ya uzito wake. Ndani ya mbegu mna kemikali iitwayo azadiraktini, inayomkatisha mdudu hamu ya kula na kumzuia kujivua gamba ili akue. Mwaka 1959 mtaalamu wa wadudu kutoka Ujerumani, Heinrich Schmutterer, akiwa Sudan, aliona nzige wamekula majani ya kila mti wakauacha mwarobaini. Tangu hapo tafiti zimefuatana. Maabara nazo zimeonyesha kwamba mafuta hayo hudhoofisha aina kadhaa za bakteria na fangasi.

Hapo ndipo tunapoona matumaini ya karibu: ngozi ya binadamu, ngozi ya mifugo, na shamba. Kanda ya Kati ina ng'ombe na mbuzi wenye kupe, mboga zenye wadudu, na watoto wenye upele na mashilingi, yaani fangasi wa ngozi. Hata hivyo, bakteria au fangasi kufa kwenye kisahani cha maabara ni hatua ya kwanza tu. Bado hatujajua mtoto wa miaka mitano mwenye mashilingi apakwe kiasi gani, mara ngapi, kwa siku ngapi, na ngozi yake ikiwasha afanyeje.

Jirani zake mwarobaini nao wana lao. Mbegu za mbuyu hutoa mafuta yanayolainisha ngozi kavu, na mibuyu ndiyo alama ya nchi hii kuanzia Mpwapwa hadi Manyoni. Mafuta ya mlonge yana asidi ile ile ya oleiki iliyomo kwa wingi kwenye mafuta ya zeituni. Nyonyo, ingawa ni kichaka kuliko mti, ilishaingia kwenye vitabu vya dawa vya hospitali zamani kama dawa ya choo kigumu. Kwa hiyo hatuzungumzii ndoto.

Historia ina mfano mmoja unaotuhusu sana. Kwa karne nyingi waganga wa India na Burma walitibu ukoma kwa mafuta ya mti uitwao chaulmoogra. Yalikuwa machungu na ya kutia kichefuchefu, wagonjwa wakashindwa kuyameza. Yakidungwa kwa sindano, yalikuwa mazito mno, yakajikusanya chini ya ngozi na kuleta maumivu. Mwaka 1915, huko Hawaii, mkemia kijana Mmarekani mweusi, Alice Ball, alipata njia ya kuyabadili yaweze kufyonzwa na mwili. Alifariki mwaka uliofuata akiwa na miaka 24, lakini njia yake iliendelea kutumika mpaka dawa za sulfoni zilipokuja katika miaka ya 1940. Hapa Dodoma, watu wanaoikumbuka Hombolo ya kituo cha wagonjwa wa ukoma wanajua ugonjwa ule ulivyowatenga watu na jamaa zao. Waganga wa India walikuwa wameutambua mti sahihi. Walichokikosa ni mkemia wa kuyatengeneza mafuta yake ili mgonjwa ayavumilie.

Sasa tuje kwenye hatari, maana anayeisifia dawa bila kutaja madhara yake hamsaidii mgonjwa. Mwaka 1981 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha taarifa ya madaktari wa Malaysia kuhusu watoto wachanga waliopewa mafuta ya mwarobaini kinywani kama dawa. Walitapika, wakasinzia, wakahema haraka, wakapata degedege. Maini na ubongo vikaathirika. Wazazi wao hawakuwa na nia mbaya. Walitoa dawa waliyoizoea, wakaitoa kwa mtu asiyestahili kupewa.

Nyonyo nayo ina lake. Mbegu yake ina risini, mojawapo ya sumu kali za mimea. Mafuta yakikamuliwa na kutayarishwa ipasavyo, sumu hubaki kwenye mashudu. Katika mkoa ambao mashudu ya alizeti ni chakula cha ng'ombe na kuku, kuchanganya magunia ya aina hizo mbili za mashudu ni kuua mifugo. Tena mafuta ya nyonyo yakinywewa hulisukuma tumbo na yanaweza kuamsha mikazo ya uzazi. Mama mjamzito asiyanywe kwa kuambiwa na jirani.

Wapo watakaosema kwamba wazee walitumia dawa hizi miaka yote bila maabara. Tunawaheshimu wazee hao, na ndiyo maana tunataka utaratibu wao ufuatwe mpaka mwisho. Mganga mzuri hampi mtu dawa kabla hajamuuliza. Humuuliza umri, kama ana mimba, ugonjwa umemwanza lini, amekula nini, anatumia dawa gani nyingine. Akishampa humwambia arudi baada ya siku kadhaa amwone. Chupa iliyopangwa juu ya meza sokoni haimuulizi mnunuzi lolote. Haijui kama anamnunulia mtoto wa mwezi mmoja au ng'ombe. Dawa ikishatoka mkononi mwa mganga ikaingia kwenye chupa, maswali yale yote lazima yawe yameandikwa kwenye lebo, na majibu yake yawe yamepimwa.

Tulishaona yanayotokea shauku ikitangulia kipimo. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni ya kilomita nyingi. Mchungaji hakujitajirisha kwa bei ile, na mugariga, mti uliotoa dawa ya kikombe kile, ulikuwa dawa ya wenyeji tangu zamani. Hata hivyo wapo wagonjwa walioacha dawa za kufubaza makali ya VVU wakiamini wamekwishapona, wakazidiwa. Foleni ilipokwisha, wananchi hawakubaki na dawa yenye kipimo wala lebo. Tusirudie hivyo kwa mti mwingine.

Kwa nini tunasema kazi hii ifanyike Dodoma? Kwa sababu wahusika wako hapa. Wizara ya Afya iko Mtumba. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ina makao makuu hapa. Mkemia Mkuu wa Serikali ana ofisi hapa. Chuo Kikuu cha Dodoma na Chuo Kikuu cha St John's vinafundisha wataalamu wa afya hapa hapa. Mpwapwa ina kituo cha utafiti wa mifugo chenye historia ndefu. Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, iliyoanza kama kitengo cha utafiti mwaka 1974, imefundisha wataalamu wanaojua namna ya kuichunguza dawa ya mganga bila kumdharau mganga. Miti iko nje ya madirisha ya ofisi hizo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaita wote kwenye meza moja.

Wala wananchi wa nyanda hizi si wageni wa utafiti. Katika vijiji vya Kongwa watafiti walichunguza trakoma kwa miongo. Mwaka 1995 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililolinganisha vijiji vilivyopata dawa ya kupaka machoni pamoja na kampeni ya kuwanawisha watoto uso, na vijiji vilivyopata dawa peke yake. Akina mama wa Kongwa walishiriki, watoto wao wakakaguliwa, na dunia nzima ikajifunza kuhusu kunawa uso. Kama vijiji vya Kongwa viliweza kujibu swali gumu hivyo, vinaweza kujibu swali la mafuta ya mwarobaini na mashilingi ya kichwani. Kundi moja la watoto lipate mafuta yaliyopimwa, jingine lipate dawa ya kawaida ya zahanati, wazazi wakubali kwa kuelewa, kamati ya maadili ya utafiti isimamie, na matokeo yatangazwe hata kama si mazuri kwa mwarobaini.

Matokeo hayo yawe mali yetu. Katika miaka ya 1990 Wizara ya Kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace walipewa hataza na Ofisi ya Hataza ya Ulaya juu ya namna ya kudhibiti ukungu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Wahindi na marafiki zao, akiwamo mwanasayansi Vandana Shiva, walipinga wakisema wakulima wa India walijua jambo hilo siku nyingi. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Walishinda kwa sababu waliweza kuonyesha ushahidi kwamba ujuzi ule ulikuwapo. Je, sisi tungeonyesha nini? Ujuzi wa waganga wa Kigogo, Kirangi, Kisandawe na Kinyaturu umo vichwani mwa wazee, na kila msiba wa mzee huondoka na sehemu yake. Mali bila daftari huisha bila habari. Ujuzi huo uandikwe kwa ridhaa yao, kwa majina yao na kwa lugha zao, na maandiko yaeleze wazi mganga na kijiji chake watapata nini dawa ikiuzwa.

Upande wa uzalishaji, Kanda ya Kati imeshajifunza kukamua mafuta. Dodoma na Singida ni nchi ya alizeti; mashine za kukamua zipo mijini na vijijini, na nyingi hulala msimu wa alizeti ukipita. Fundi anayejua kukoboa, kupasha moto, kukamua na kuchuja alizeti hahitaji masomo marefu ili ajue mwarobaini. Lakini masharti mawili yasipuuzwe. La kwanza, mashine ya mwarobaini au nyonyo isiwe ile ile ya mafuta ya kula. La pili, mbegu zisiokotwe zikiwa zimelala chini siku nyingi. Zichumwe au ziokotwe mapema, zioshwe nyama yake, zianikwe kivulini palipo na upepo. Jua kali na moto mwingi huharibu azadiraktini, na unyevu huleta ukungu wenye sumukuvu. Mkoa huu unaijua sumukuvu. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walikufa katika maeneo ya Chemba, Kondoa na Kiteto kwa sababu yake. Tusiiingize kwenye chupa ya dawa.

Tatizo la nne, baada ya kipimo, haki ya ujuzi na usindikaji, ni utitiri wa milango ya serikali. Mama aliyekamua lita tano za mafuta ya mwarobaini akiyauza kama mafuta ya kupaka, huyo ni wa Shirika la Viwango, TBS. Akiyauza kama dawa ya asili, ni wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa Sheria ya mwaka 2002. Akitaka yasajiliwe kama dawa ya kisasa, ni wa TMDA. Akiyauza kwa mkulima wa nyanya kama dawa ya wadudu, ni wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, makao makuu Arusha. Lita zile zile tano, milango minne, na fomu za kila mlango. Anachofanya ni kuyatia kwenye chupa kuukuu na kuyauza kimya kimya bila lebo. Sheria hizo zina sababu zake na hatutaki zifutwe. Tunataka dirisha moja Dodoma ambapo mama huyo ataulizwa anataka kuuza mafuta kwa matumizi gani, kisha maofisa ndio watembee kwenye milango, si yeye.

Tena tuulinde mti wenyewe. Kongwa ina kumbukumbu ya hili. Mwaka 1947 Waingereza walileta matingatinga pale kutafuta mafuta ya kula kwa ajili ya nchi yao. Walifyeka msitu, wakang'oa mibuyu, wakapanda karanga. Mvua haikutosha, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama tofali, na mwaka 1951 mpango ukaachwa na hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Waling'oa miti yenye mafuta wakitafuta mafuta.

Msandali nao ulipatwa na janga la namna nyingine. Mafuta yake ya manukato yamo kwenye kiini cha shina na mizizi, kwa hiyo anayeyataka huung'oa mti mzima. Katika Afrika Mashariki uling'olewa kwa wingi kiasi kwamba mwaka 2013 mkataba wa CITES uliweka masharti juu ya biashara yake. Mwarobaini, mbuyu na mlonge imetupa nafasi bora zaidi, kwa kuwa mafuta yake yamo kwenye mbegu. Wananchi wa Amani na Muheza walishajifunza hilo kwa msambu, mti wa msituni ambao mbegu zake huokotwa na kukamuliwa mti ukiwa umesimama. Mwenye kuuza mbegu ana sababu ya kuutunza mti hata mvua zikikosekana na mahindi yakikauka. Kwa mkulima wa Bahi au Chamwino hiyo ni akiba ya mwaka mbaya.

Basi tunaomba mambo manne. Wizara ya Afya iiteue timu moja, yenye waganga wa asili ndani yake kama wanachama na si kama wageni waalikwa, ichague matumizi mawili au matatu ya mafuta ya mwarobaini kwenye ngozi na mifugo, na ipewe fedha na tarehe ya kumaliza. Baraza la Tiba Asili litoe mfano wa lebo fupi ya Kiswahili: jina la mmea, sehemu iliyotumika, tarehe ya kukamuliwa, namna ya kutumia, nani asitumie, na nini cha kufanya akizidiwa. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, na halmashauri za Dodoma na Singida zianzishe mashine chache za mfano zinazokamua mbegu zisizo za chakula peke yake. Na wabunge, ambao kila kikao hupita chini ya miti hii wakienda ukumbini, waulize bajeti ya utafiti wa tiba asili ni kiasi gani na imetumika vipi.

Kwa waganga tunasema: uandikisheni ujuzi wenu, mjisajili, na msimzuie mgonjwa kwenda hospitali. Kwa wauzaji: acheni kuandika kwamba chupa moja inatibu kisukari, saratani na upungufu wa nguvu za kiume kwa pamoja. Maneno hayo yanawaharibia hata dawa iliyo ya kweli.

Na kwako msomaji mwenye mwarobaini uani: utunze. Panda miche shuleni kwa mwanao. Mafuta yake usiyanywe, usiyatie machoni, usimpe mtoto. Mama mjamzito na mwenye ugonjwa wa ini wakae nayo mbali. Ukiyapaka kwenye ngozi, jaribu kwanza sehemu ndogo ya mkono na usubiri siku moja. Ikiwasha au ikivimba, acha na uende zahanati, na chupa uliyotumia uende nayo ukamwonyeshe tabibu wa zamu.